Indiketa iliyowaka na kuzima mbiombio

Indiketa ya kushoto ilianza kuwaka na kuzima haraka kuliko ya kulia. Kwenye magari mengi hiyo ni ishara kwamba balbu moja ya upande huo imeungua, na kweli, ya nyuma ilikuwa imekufa. Nikaweka mpya ya volti 12, wati 21. Wapi! Hali ileile. Nikaichomoa na kumulika ndani ya soketi: kutu ya kijani kwenye vibati vya shaba vinavyogusa balbu, maji yakipenya kupitia mpira wa taa uliochakaa. Nilizima umeme, nikasugua vile vibati kwa msasa laini mpaka vikang'aa, nikavinyanyua kidogo vibane balbu. Ikatulia. Mpira nao nikabadilisha, la sivyo kutu ingerudi. Balbu ya LED singeiweka hapo: hula umeme kidogo, gari lingeweza kudhani balbu imeungua, na mbio zile zingeweza kubaki.