Nyanya chungu wakati wa theluji: usilitegemee dirisha

Dola 6 kwa nyanya chungu nane, tena vikonyo vimeshakauka. Hiyo ndiyo bei ya wiki hii hapa Minneapolis, Marekani, katika duka la vyakula vya kwetu. Anayenunua soko la Mwanga au Kasulu, mkoani Kigoma, anajua kwamba nane huko ni nyongeza juu ya fungu. Basi ndugu zangu wa Kigoma mlioko nchi za baridi, otesheni zenu. Miche inakuzwa ndani ya nyumba, theluji ikiwa bado nje.

Wengi wanaojaribu wanakwama kwenye mwanga. Kigoma mchana una urefu wa saa 12 mwaka mzima, hakuna aliyewahi kuuhesabu. Hapa mwishoni mwa Desemba haufiki saa 9, na hata Machi, mchana na usiku vikishalingana, mwanga wa dirishani ni mdogo na unatoka upande mmoja tu. Mche unaufuata, unarefuka kama uzi, unalala, halafu baridi ya kioo usiku inaumaliza. Nunua taa ya LED nyeupe ya futi 4, mirija miwili, wati 40 hivi. Zile za zambarau za bei kubwa si lazima. Itundike kwa minyororo ili uipandishe kadiri miche inavyokua, ikae sentimita 5 hadi 8 juu ya majani. Ukiiacha nusu mita juu, miche itarefuka vilevile kama ya dirishani. Funga taima: iwake kwa saa 16, izime kwa saa 8.

Na bili? Tupige hesabu kwa yuniti (kilowati-saa), kama za LUKU, ile mita ya umeme ya kulipia kabla. Wati 40 kwa saa 16 ni yuniti 0.64 kwa siku. Wiki 8 ni kama yuniti 36. Kwa senti 15 yuniti moja, ni dola 5 na senti 40. Haifiki bei ya zile nyanya chungu nane, na chini ya taa hiyo zinakaa trei mbili, miche 20 mikubwa, bustani inayotosha familia na majirani.

Kupandikiza huku ni mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, usiku ukishapita nyuzi 12. Rudi nyuma wiki 8 hadi 10, utaangukia mwishoni mwa Machi. Hapo ndipo unasia. Udongo wa bustani usiuingize ndani, unashikamana na unabeba vimelea. Nunua ule mwepesi wa kuoteshea, uloweshe kwa maji ya uvuguvugu, ukiukamua mkononi utoe tone moja au mawili tu. Weka mbegu mbili kila shimo, kina kisizidi sentimita 1, funika na mfuniko angavu, weka trei juu ya mkeka wa umeme wa kupasha joto. Zinataka nyuzi 25 hadi 30 kwenye udongo, siyo hewani. Sebule ya nyuzi 19 inazichelewesha mpaka nyingine zinaoza. Kwenye joto hilo huchomoza kati ya siku 7 na 14. Zikichomoza tu, ondoa mfuniko siku hiyohiyo na uwashe taa. Mche dhaifu ukate kwa mkasi. Ukiung'oa unavuruga mizizi ya mwenzake.

Adui mkubwa ni kinyausi. Shina linanywea pale linapogusana na udongo, mche unaanguka ukiwa bado kijani, na hauponi. Ukungu wake unapenda udongo uliolowa, ubaridi na hewa iliyotuama. Kwa hiyo mwagilia kwa chini: mimina maji kwenye trei, acha dakika 20, yaliyobaki mwaga. Subiri juu pakauke ndipo urudie. Feni ndogo ya kasi ya chini isaidie hewa kutembea. Ukame huohuo wa juu unapunguza na vile vijinzi vyeusi ambavyo funza wake hula mizizi.

Majani halisi mawili au matatu yakitoka, hamishia vikopo vya sentimita 10, kisha mbolea ya maji kila wiki, nusu ya kipimo cha kwenye chupa. Kabla ya kupandikiza, ikomaze nje siku 7 hadi 10, ukianza na saa moja kivulini. Jua la ghafla linababua majani yakawa meupe.

Na wewe unayejiandaa kuja Marekani, usifiche mbegu kwenye begi. Mbegu za kupanda kwa kawaida zinaingia kwa cheti cha afya ya mimea. Bila hicho zinaweza kuchukuliwa uwanjani, na ukizificha unaweza kupigwa faini. Nunua hukuhuku kwa wauzaji wa mtandaoni, au omba kwa Warundi na Wakongo wenye bustani, wanazo nyingi. Mwaka unaofuata jitunzie zako: tunda liive mpaka liwe jekundu kabisa, toa mbegu, osha, anika kivulini. Lakini tenga tunda hilo mapema, maana baridi kali hurudi mwishoni mwa Septemba au Oktoba, na tunda la kijani halitoi mbegu ya kuotesha.