Fuwele za sumaku: kumbukumbu ya mchomo wa nne

Tanuri liko Njiro, Arusha. Kinachokuzwa ni feraiti ya strontiamu, SrFe12O19, ileile iliyosagwa na kushindiliwa kwenye sumaku nyeusi za spika, ila hapa inatakiwa fuwele moja moja.

Mchanganyiko wa gramu 60: oksidi nyekundu ya chuma 35.3, kaboneti ya strontiamu 13.0, kaboneti ya sodiamu 11.7. Sodiamu haijengi fuwele. Inawayeyusha wenzake tu. Magadi ya Ziwa Natron ni rahisi kupata, lakini yamejaa kloridi na floridi. Afadhali baikaboneti ya kupikia: gramu 18.5 zikikaushwa kwa 200 °C hadi uzito usipungue tena, zinabaki 11.7.

Kaboneti hizo zinatoa karibu gramu 8.7 za gesi. Mchomo wa pili ulipandishwa haraka, uji ukafura, ukamwagika na kula tofali la chini. Siku hizi unga unachomwa kwanza 900 °C kwa saa 6, unasagwa, ndipo unajazwa, theluthi mbili ya chungu na si zaidi.

Ratiba ni 1260 °C kwa saa 12, kisha kushuka digrii 4 kwa saa hadi 1100. Hizo ni saa 40, na ndani ya saa 40 umeme una nafasi nzuri ya kukatika. Joto likianguka ghafla, uji unabeba zaidi ya unachoweza kushikilia, na mbegu mpya za fuwele zinaota kila kona. Mchomo wa tatu ulitoa mchanga mtupu, punje za nusu milimita. Umeme ukirudi usiendelee pale ulipoishia: panda tena hadi 1260, mbegu ziyeyuke, uanze kushuka upya. Safari hii ulikatika mara moja, tukafanya hivyo.

Chungu kilichemshwa nje, kwenye asidi ya nitriki iliyozimuliwa. Vilitoka vibamba vyeusi vya pembe sita, kikubwa kina milimita 4. Kikining'inizwa kwa uzi wa hariri, kinageuza uso wake bapa kuelekea ncha ya sumaku, kwa kuwa mhimili rahisi wa usumaku, yaani mwelekeo ambao usumaku hupenda kulala, umesimama wima juu ya uso huo. Lakini hakinasi hata pini: fuwele kubwa safi inagawanyika katika maeneo yanayofutana nguvu, tofauti na unga wa spika.

Kasoro iko kwenye joto la Curie, yaani joto ambalo sumaku inapoteza usumaku wake. Ilitarajiwa karibu 460 °C. Kibamba kiliachia sumaku kwenye 432. Mshukiwa ni chungu chenyewe cha alumina, yaani oksidi ya alumini: soda inakitafuna, na alumini inakalia nafasi za chuma. Chungu cha platini kingemaliza ubishi, ila bei yake haisemeki. Mchomo wa tano utakaa 1260 kwa saa 3 tu, halafu Curie ipimwe tena.