Eksirei ya kwanza ilikuwa safi, ya pili ndo ikaonyesha utumbo umekaa vibaya

Mwanangu alikuwa na siku 9 alipoanza kutapika. Mwanzoni nikasema anacheua tu, mtoto gani hacheui, ila ya asubuhi ile ilikuwa kijani, kijani kabisa kama majani yaliyotwangwa, na tumbo wala halijavimba. Ile nepi ya kitambaa nikaikunja nikaitia kwenye mfuko nikaenda nayo. Afadhali, maana swali la kwanza lilikuwa "njano au kijani?" na kwa usingizi niliokuwa nao ningejibu chochote. Daktari alivyoifungua tu sura ikabadilika, akasema usimnyonyeshe tena mama, mtoto akatundikiwa dripu na kuwekewa mpira wa puani.

Wakapiga eksirei ya kawaida ya tumbo, safi. Mi nikaanza kukusanya vitu vyangu nirudi nyumbani jamani! Daktari akanizuia, akasema hiyo picha inaweza kuwa safi na utumbo umejisokota huko ndani, kijani ni nyongo, kwa mtoto mchanga hatuachi mpaka tujue inazuiwa wapi.

Basi ikapitishwa dawa nyeupe kwenye ule mpira, nami nimevalishwa aproni ya risasi (nzito hiyo!) nimemshika mikono, mashine inaonyesha kama video. Kawaida dawa ikitoka kwenye mfuko wa chakula inazunguka, inavuka uti wa mgongo kwenda kushoto na kupanda tena juu. Yake haikuvuka, ilibaki kulia ikawa inashuka kwa kujiviringa kama skrubu, hata mimi nisiyejua kitu niliona.

Kumbe mimba ikiwa changa utumbo unatoka kidogo kwenye kitovu, unajizungusha kule na wakati wa kurudi tumboni, jumla nyuzi 270, ndo unajishikiza. Wa kwake haukumaliza mzunguko, umening'inia kwenye kishina chembamba, na ukijisokota hapo damu inakatika, ndo maana hawakusubiri kesho, saa ile ile thieta.

Wakausokotoa, wakakata zile kamba za nyama zilizokuwa zinaubana, utumbo mwembamba wakaupanga kulia na mpana kushoto, na kidole tumbo wakakitoa kabisa kwa sababu sasa kingekaa kushoto, siku kikiuma nani angekihisi kule?

Siku ya 5 nikaruhusiwa kumnyonyesha. Alinyonya kama anadai deni.