Shawa ya umeme iliyokuwa ikizimazima kwa presha ndogo: jinsi ilivyotatuliwa

Tangi lilikuwa mita 2 tu juu ya shawa, yaani presha ya takriban baa 0.2. Ndani ya shawa ya kawaida kuna kiwambo cha mpira: maji yakikisukuma, swichi inashika, yakilegea, inaachia, na anayeoga anamwagiwa maji baridi.

Kabla ya kununua nyingine, kinga maji ya bafuni kwenye ndoo kwa dakika 1 ili ujue yanatoka kiasi gani. Hapa zilipatikana lita 3. Kisha soma kwenye boksi presha ya chini kabisa inayokubalika. Wengi huangalia wati peke yake, na hapo ndipo pesa hupotea.

Iliyofaa ni yenye pampu ndani, kilowati 5.5. Huvuta ampea 24 kwenye volti 230, kwa hiyo ikapewa waya wake wa milimita za mraba 6, breka ya ampea 32, erthi, na kikata-umeme cha miliampea 30, kinachozima umeme unapovuja. Kazi hiyo mwachie fundi umeme, tafadhali.

Bomba la nusu inchi kutoka kwenye tangi likabadilishwa kuwa la robo tatu, maana pampu ikikosa maji huvuta hewa. Chujio la kwenye ingilio lilijaa mchanga. Lisafishe mara kwa mara.