Vidole viwili vya mdogo wangu

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu alikatwa vidole viwili na msumeno wa mashine, kwenye kiwanda cha mbao huku Mafinga. Kava ya ule msumeno ilifunguliwa miezi mingi nyuma, eti inachelewesha kazi. Aliwahi kumwambia msimamizi. Akajibiwa kama anaogopa mashine akalime.

Bosi alikuja hospitali na bahasha ya laki mbili, pamoja na karatasi ya kusaini kwamba kijana "alizembea mwenyewe". Mama alishashika kalamu. Nikamwambia, mama, subiri kwanza.

Ndugu zangu, msisaini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri akinge sehemu hatari za mashine. Na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) unagharamia matibabu na kulipa fidia ya ulemavu bila wewe kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Mchango wake anatoa mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wako. Ila taarifa itolewe ndani ya miezi 12, kwa hiyo tunzeni karatasi zote za hospitali. Sisi tulipiga picha hadi ile mashine, na wenzake wawili wamekubali kueleza walichokiona. Mungu awabariki, maana na wao wana watoto.

Fomu tumepeleka jana. Leo asubuhi nimemkuta anajifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, hataki asaidiwe.