Kasuku wangu wanapobadili manyoya

Masika yakiisha, sebule yetu ya Magomeni hufagiliwa asubuhi na jioni na bado haitakati. Manyoya ya kijivu chini ya makochi, manyoya kwenye sahani, na vumbi jeupe juu ya televisheni iliyofutwa asubuhi hiyo hiyo. Jirani akichungulia dirishani hamalizi hata salamu: "Mwanangu, huyo ndege ana kideri. Mtoe kabla hajanimalizia kuku." Simlaumu. Kideri kiliwahi kumwachia banda tupu, na kasuku nao huwapata. Lakini Sudi anakula, anapiga miluzi, anamwita mama kwa sauti ya marehemu mjomba. Anabadili manyoya tu.

Sudi ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, tuliyeachiwa na mjomba pamoja na karatasi zake zote. Ninao pia kokatieli wawili, Kibibi na Chaurembo, wale wadogo wenye kishungi ambao asili yao ni Australia. Niliseme hili mapema: tangu 2017 kasuku wa kijivu yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imefungwa. Ukiletewa mmoja ndani ya boksi, bila karatasi, kwa bei ya kutupa, mwache muuzaji aende zake.

Nikitaka kujua kama ni mabadiliko ya kawaida, natazama kichwa. Ndege hawezi kufikisha mdomo kwenye utosi wake mwenyewe. Kwa hiyo kifua kikiwa wazi hadi ngozi inaonekana, huku kichwani manyoya yamejaa vizuri, huyo anajinyonyoa, na sababu itafutwe kwingine: upweke, hofu, wadudu, maradhi. Anayebadili manyoya hupoteza kidogo kidogo, bawa la kulia na la kushoto kwa pamoja, na habaki na upara. Kasuku ana mtindo wake: manyoya makubwa ya bawa huanza kudondoka katikati, kisha zamu inaendelea pande zote mbili, kuelekea ncha na kuelekea mwilini. Ndiyo maana Sudi bado anaruka hadi juu ya kabati katikati ya msimu. Manyoya mapya yakitoka yamepinda au yamekatika shinani, kila safari, hapo ni daktari wa mifugo, kwa sababu kuna virusi vinavyoharibu manyoya na mdomo wa kasuku.

Kwa nchi zenye baridi kali, urefu wa mchana ndio unaompa ndege ishara. Hapa Dar mchana wa Desemba na wa Juni hautofautiani hata kwa saa moja, kwa hiyo usishangae zoezi likijivuta kwa miezi. La kusimamia ni usingizi. Taa ya sebule na tamthilia za usiku zilikuwa zinamnyima Sudi giza, nikahamishia kizimba chumba cha nyuma. Jua likizama tu, analala.

Chakula ndicho kilichonipa kazi zaidi. Unyoya karibu wote ni protini, keratini, jamii ya ile ya kucha zetu, na mfugaji yeyote wa kuku ameona tetea anavyoacha kutaga akianza kunyonyoka, kwa sababu mwili hauna akiba ya kufanya yote mawili. Mjomba alikuwa akimlisha alizeti asubuhi, alizeti jioni. Alizeti ina mafuta mengi na vitamini A ni kidogo mno, na kasuku wa kijivu anajulikana kwa kupungukiwa na vitamini A pamoja na kalsiamu. Siku hizi alizeti ni zawadi ya mkononi. Mtama, ulezi na uwele nanunua Tandale kwa ajili ya kokatieli, napembua mwenyewe, na karanga yenye hata dalili ya ukungu naitupa.

Asubuhi mama akichemsha mbaazi za kula na mandazi, natoa kikombe kimoja kabla hajatia tui, chumvi wala kitunguu. Hicho ndicho cha Sudi, pamoja na karoti iliyoparwa na yai la kuchemsha. Yai kwa joto la mji huu halikai: wakimaliza kudonoa natoa mabaki, sisubiri adhuhuri. Mara chache katika wiki namdondoshea mawese kidogo juu ya mbaazi, yale mekundu ya Kigoma ambayo hayajapaushwa, kwa sababu wekundu ule ndio unaogeuka vitamini A mwilini. Anayapenda kiasi cha kupaka ukuta mzima. Parachichi halisogei karibu na kizimba, ni sumu kwa ndege, na chai pia nimemkatalia ingawa mjomba alimzoesha.

Kalsiamu tunaipata bure. Ule mfupa mweupe, mwepesi, wa dome, yule wa baharini wa jamii ya ngisi, unaookotwa ufukweni Kigamboni, nauloweka kwenye maji baridi na kuyabadilisha kwa siku kadhaa hadi chumvi itoke, kisha naukausha juani na kuufunga kwenye nondo za kizimba. Dukani wanauuza huo huo ukiwa ndani ya plastiki.

Kwenye duka la dawa za mifugo utaambiwa uchukue poda ya vitamini ya kuku na antibayotiki "ya kuzuia". Mimi sinunui. Antibayotiki haioteshi unyoya, na poda iliyopimwa kwa ndoo ya kuku mia ukiikisia kwa kijiko cha ndege wa gramu tisini unaweza kumuua kwa wingi wa vitamini A yenyewe.

Sasa moshi. Hapa ndipo penye mvutano, kwa sababu nyumba yetu ni ya Kipwani na Alhamisi jioni chetezo lazima kitoke. Ndege ana vifuko vya hewa mwilini, na hewa hupita kwenye mapafu yake kwa mkondo wa upande mmoja, akiinyonya vizuri kuliko sisi, sumu na vyote. Udi, jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma, kikaango kisichogandisha kikisahaulika motoni: hicho cha mwisho kinaweza kuua kasuku ndani ya muda mfupi. Mama alinisikiliza, akasema, "Kwa hiyo nyumba isinukie kwa ajili ya ndege?" Tulikubaliana udi ufukizwe chumbani kwake na mlango ukiwa umefungwa. Kikaango nilikigawa.

Manyoya mapya hutoka yakiwa vijiti vilivyofungwa ndani ya gamba jembamba. Kijiti kichanga kina damu ndani yake na kinauma kikiguswa, ndiyo maana Sudi, ambaye siku za kawaida huinamisha shingo akunwe, wakati huu anauma bila kuonya. Naacha. Baadaye kijiti kikikauka na ncha kugeuka nyeupe, mwenyewe huja kuniinamia kichwa, na hapo nasugua gamba taratibu kwa ncha za vidole, unga wake unamwagika. Kokatieli wanafanyiana wenyewe kwa wenyewe, hawanihitaji. Maji ya uvuguvugu kwa chupa ya kupulizia, asubuhi ili wakauke kabla ya jioni, hulainisha magamba na kutuliza muwasho. Natumia maji matamu, siyo ya kisima chetu chenye chumvi.

Usiku mmoja paka walipigana juu ya bati. Chaurembo akashtuka gizani, akajipiga kwenye nondo, na kijiti kimoja cha bawa kikavunjika. Kokatieli wana tabia hiyo ya kutaharuki usiku. Damu ya kijiti kichanga inatisha kwa wingi wake ukilinganisha na ndege mwenyewe. Nilimfunga kwenye kanga, nikakandamiza pale kwa unga wa ngano na kitambaa safi hadi ikakata. Isingekata, ningempeleka kwa daktari usiku ule ule. Tangu hapo kuna taa hafifu kwenye kona ya kokatieli, mbali na Sudi.

Na mizani. Ile ndogo ya jikoni ya kupimia unga inatosha, nikiweka kijiti cha kutua juu yake. Napima asubuhi kabla hawajala. Manyoya hudanganya macho, ndege aliyekonda anaweza kuonekana mnene. Uzito ukishuka kwa asilimia kumi, au akishinda amevimbisha manyoya sakafuni mwa kizimba, hayo si mabadiliko tena na sisubiri kesho.

Mwaka huu kifua na kichwa cha Sudi vimemaliza, na mkia umerudi mwekundu wote. Bawa la kushoto bado lina manyoya mawili makubwa ya zamani, yamefifia na kuchakaa pembezoni. Kwa kasuku wa ukubwa wake hilo ni jambo la kawaida, si lazima bawa zima libadilike kwa mwaka mmoja. Hayo mawili yatasubiri msimu ujao.