Ukuta wa kichochoroni: wiki ya saba

Saa tano asubuhi kipande cha mwisho cha saruji kimebanduka, kipana kama sinia ya pilau, na nyuma yake ukuta ulikuwa umerowa chapachapa. Mvua haijanyesha siku kumi na mbili. Maji hayo yalikuwa humohumo, yamekosa pa kutokea.

Nyumba ni ya bibi yangu, Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, karibu na kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa hadi 1873. Ni wiki ya saba sasa natengeneza ukuta wake wa kichochoroni: nabandua saruji, narudisha lipu ya chokaa. Ukuta una unene wa sentimita 55: mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Ukuta wa namna hii hunywa maji ya ardhini na kuyatoa tena kwa hewa. Miaka ya tisini ami yangu, kwa nia njema kabisa, akaupiga lipu ya saruji. Ukapendeza, majirani wakasifu. Maji yakaendelea kupanda, yakakuta nje kumezibwa, yakageukia ndani. Kwanza ukaanza unga mweupe wa chumvi nyuma ya kabati, kisha yakafika kwenye ncha za boriti.

Boriti ndiyo hofu yangu kubwa. Ni miti ya mikoko, na ndiyo iliyoamua upana wa vyumba vyetu, maana haivuki mita tatu hivi. Ncha yake imezama ukutani, kwa hiyo ukuta ukikaa na maji, inaoza pale usipoona. Nimezichoma kwa bisibisi zote kumi na moja za dari ya chini. Saba ngumu, tatu laini kidogo, moja bisibisi imezama hadi kwenye mpini. Tumeikingia nguzo mbili usiku uleule. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib iporomoke tarehe 25 Disemba 2020, huku kwetu tunalala macho yakiwa darini. Ikiwa jumba la Sultani Barghash linaanguka, kijumba chetu nani atakisikia?

Sasa aibu yangu. Wiki ya nne niliandika hapa kwamba nimeanza kupiga lipu ya chokaa upande wa mlango. Sikusema mengi baada ya hapo kwa sababu ilipasuka yote. Niliipiga nene, sentimita mbili kwa mkupuo mmoja, jua la adhuhuri likaipiga, ikakauka juu ndani bado mbichi. Halafu vikatokea vijishimo, kimoja kimoja, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Fundi akakwangua kimoja kwa ukucha akanionyesha punje nyeupe katikati. Chokaa niliyouziwa haikuzimika sawasawa, yaani haikuloweshwa maji ikaiva yote. Punje zilizobaki mbichi zilikutana na unyevu ukutani, zikavimba, zikafyatuka. Muuzaji aliniapia kwamba imelala pipani miezi miwili. Sasa nazima mwenyewe uani, kwenye pipa lililokatwa, na kuichuja kwa wavu wa dirisha kabla ya kuchanganya na mchanga: moja kwa tatu. Lipu napiga nyembamba, isiyofika sentimita moja, naacha siku kadhaa, ndipo narudia. Juu nafunika magunia mabichi, maana chokaa hushika polepole kwa kuvuta hewa, na ikikauka haraka inabaki unga.

Lakini kilichonifanya niandike leo ni kilichokuwa chini ya saruji.

Katikati ya ukuta umejitokeza mlango mpana uliozibwa. Kizingiti cha mti bado kipo, na kina mfuo uliolainika, upana wa vidole viwili, ambamo mbao za duka zilitiwa moja moja jioni wakati wa kufunga. Upande wa ndani, juu yake, kuna vidaka vitatu, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, vyenye niru yake nyeupe, ile chokaa laini ya mapambo. Viwili vizima, cha tatu kimekatwa nusu na fremu ya duka. Kwa hiyo vidaka vilitangulia; aliyefungua duka alivikuta, akavunja alichohitaji. Kilichoziba duka sasa ni kichekesho: mawe, vigae, kipande cha tofali la saruji, na kitako cha chungu.

Nilikuwa na mpango mara moja. Nifukue vidaka vyote, nirudishe ukuta ulivyokuwa mwanzo. Fundi naye akataka lifunguliwe duka, tupangishe kwa wauza vinyago. Tukabishana hapo mpaka chai ikapoa. Bibi akatoka na bakora yake, akatazama lile ziba, akacheka.

"Hilo tumeziba sisi," akasema. "Mimi na babu yako. Mawe yakatuishia."

Yeye alihamia hapa kutoka Ng'ambo, upande wa pili wa mji, baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi zilipochukuliwa na serikali na kugaiwa wapangaji. Chini waliishi familia mbili, na mlango wa duka ulikuwa unaingiza vumbi kwa watoto. Kitako cha chungu kilikuwa cha kupikia maharage, kilitoboka.

"Bi Mkubwa, basi tulibomoe?" fundi akauliza.

"Ukilibomoa mimi nitalala wapi? Upepo wote huo."

Basi tumekubaliana hivi, na mchoro nimeupeleka pamoja na picha kwenye Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwa kuwa kibali changu kilitaja lipu tu. Ziba linabaki. Lipu juu yake itarudi ndani nusu kidole, ili umbo la duka lisomeke kutoka kichochoroni, na kizingiti hakitafunikwa. Ndani, kidaka kilichokatwa kinabaki kimekatwa. Fundi analalamika kwamba huo ukingo utakusanya vumbi na paka watapanda. Paka wanapanda kila mahali.

Boriti iliyooza inasubiri ukuta ukauke. Nilipochomeka kijiti saa kumi jioni kilitoka bado na unyevu, ila nje ya jiwe kumeanza kubadilika rangi, kutoka kijivu kuwa maziwa. Zamu ya kumwagia magunia kesho alfajiri ni ya mpwa wangu, kabla ya skuli. Ameshaniuliza malipo.